Kabla hujashika karai, fungua ramani: kutafuta dhahabu ya wikiendi California

Nikimwambia mtu kwamba wikiendi huwa naenda mtoni kuosha mchanga nitafute dhahabu, swali linalofuata halibadiliki: sasa kaka, unajuaje dhahabu ilipo? Wengi wanategemea nitaje kifaa, mashine fulani inayolia ukiikaribia mali. Mashine zipo, ila kazi kubwa inafanywa na ramani, na mimi kabla sijakanyaga maji nimeshakaa nazo mezani jioni tatu nne. Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana wanafikiri kuna ramani mahali yenye alama ya X kama kwenye hadithi za maharamia, ukiipata umetoka kimaisha. Kazi ya ramani ni kufuta. Unaanza na jimbo zima la California, ambalo kwa ukubwa ni karibu nusu ya Tanzania, unafuta kule ambako miamba haina kitu, unafuta ambako mto hauwezi kuacha kitu, unafuta maeneo ya watu na maeneo yaliyofungwa, mwishowe unabaki na vipande vitatu vinne vya mto, kila kimoja urefu wa uwanja wa mpira hivi, na hapo ndipo unachukua karai.

Niseme mapema kwamba hii ni burudani. Mimi nimekulia Geita, na kule dhahabu si mambo ya wikiendi, ni maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ni zamu za usiku, ni watu wanaolisha familia, na sheria yetu ya madini haina kipengele cha mtu kwenda kuosha mchanga kujifurahisha. Ukitaka kuchimba unatafuta leseni, mchimbaji mdogo ana leseni yake, na Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni unayoweza kufungua ukaona kipande gani kimeshachukuliwa. Kwa hiyo wewe uliyeko Chunya au Kahama usisome hapa halafu ukajitosa mtoni na karai. Huku Marekani sehemu kubwa ya ardhi ya milimani upande wa magharibi ni ya umma, na mtu mwenye karai, koleo na ndoo anaruhusiwa maeneo mengi bila kuandika barua kwa yeyote, ilimradi eneo halina mwenyewe na halijafungwa. Hiyo "ilimradi" ndiyo inayosumbua watu, nitaifikia.

Tuanze na mwamba. Dhahabu inakuja kwa namna mbili, kuna ile iliyoko ndani ya jiwe, kwenye mishipa ya kwatzi nyeupe, ile ambayo mawe yake wachimbaji wa kwetu wangeyaita mbale, na kuna ile ambayo mwamba umeoza kwa mamilioni ya miaka, mvua ikaiteremsha, ikaishia mtoni imekuwa punje na vipande vidogo. Mtu wa wikiendi anatafuta hiyo ya pili, lakini haiwezi kuwepo bila ya kwanza, na dhahabu haipandi mlima. Kwa hiyo ramani ya jiolojia unaisoma kwa swali moja tu, mishipa iko wapi, na mto gani unapita juu yake kisha unashuka. Kwa California jibu kubwa ni ukanda unaoitwa Mother Lode, unaanzia karibu na Mariposa kusini ukaenda kaskazini hadi karibu na Georgetown, kama kilomita 190 hivi, kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Sierra Nevada. Kwenye ramani utaona mstari mzito wa mpasuko wa ardhi unaoitwa Melones, na kandokando yake madoa marefu ya lile jiwe la kijani linaloteleza kama sabuni. Barabara namba 49 inapita huko huko, na namba yenyewe imewekwa kwa heshima ya wale waliokimbilia dhahabu mwaka 1849. Ukishaweka huo ukanda tu, zaidi ya tisa ya kumi ya jimbo umeshaifuta. Usikae sana kwenye ramani hii, rangi zake zinavutia na mtu anaweza kupotelea humo wiki nzima akijifunza majina ya mawe.

Iliyo tamu ni ya historia. Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall aliona vipande vinang'aa kwenye mfereji wa kiwanda cha mbao cha Sutter pale Coloma, kwenye mkono wa kusini wa mto American, na ndani ya miaka michache watu kama 300,000 walikuwa wameshamiminika California. Hiyo ni rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu kwa wingi, kuliko rashi yoyote tuliyowahi kusikia kwetu. Watu wote hao walipekua karibu kila kijito kwa mikono, tena kwa njaa, na hawakuwa wajinga. Ndiyo maana mtafutaji wa leo akiniambia amegundua mto ambao haujawahi kuguswa namwambia uwezekano mkubwa uliguswa, wakakuta hakuna kitu, wakaondoka. Dhahabu inapatikana pale ilipopatikana. Wao walibeba kubwa na wakaacha ndogo, halafu kila masika ya mafuriko mto unaongeza kidogo juu ya kile walichoacha.

Sasa nyayo zao zimechorwa. USGS, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na jiolojia, imeweka mtandaoni bure ramani zake za zamani, kuanzia za miaka ya 1880, unachagua eneo unashusha kwenye laptopu. Ninazozipenda ni zile za skeli ya 1:24,000 za katikati ya karne iliyopita, maana zina alama ambazo matoleo mapya mara nyingi hayana. Ukiona sururu mbili zimepishana hapo palikuwa na mgodi. Alama kama herufi Y iliyolala ni mdomo wa handaki la kuingilia mlimani. Kisanduku kidogo nusu cheusi nusu cheupe ni shimo la kwenda chini, tungesema duara. Na X ndogo, ndiyo, X ipo kweli, ila maana yake ni kwamba hapa mtu alichimbachimba kujaribu, na mara nyingi hakupata cha kumfanya aendelee. Kwa hiyo X moja peke yake mlimani hainiambii mengi, lakini X sita zimejipanga mstari upande mmoja wa korongo na mdomo wa handaki mwishoni, hapo natulia, maana watu sita hawakukosea njia kwa pamoja, walikuwa wanafuata mshipa, na kijito kilicho chini ya huo mstari ndicho nitakachokiwekea duara la penseli.

Majina nayo ni ramani ndani ya ramani. Wale watu waliita sehemu kwa kile walichokikuta au kwa waliokuwepo, Gold Run, Rich Bar, Chinese Camp, Dutch Flat. Neno "bar" kwa lugha yao ya mtoni ni ule ukingo wa changarawe ambao mto unaujenga upande mmoja, kwa hiyo ukiona jina linaloishia hivyo katikati ya korongo lisilo na nyumba hata moja leo, ujue kulikuwa na kambi ya watu waliokuwa wanaosha mchanga. USGS wana pia hazina ya data ya migodi, maelfu ya nukta kwenye ramani, nzuri kuanzia, ila haijaendelezwa kwa utaratibu tangu 2011 na baadhi ya nukta zimekaa mbali na shimo lenyewe, kwa hiyo nukta ichukulie kama mtu aliyekuonyesha kwa kidole kutoka mbali, siyo kama mtu aliyekushika mkono.

Kuna kitu kimoja kilinichukua muda mrefu kukielewa, nacho ni mito ya kale. Ukifuata ramani unakuta migodi mikubwa imekaa juu ya vilima, mbali na mto wowote, na unajiuliza mchanga wa mtoni umepandaje huko. Jibu ni kwamba huo ulikuwa mto. Mamilioni ya miaka iliyopita kulikuwa na mito mingine iliyokatiza milima hii, ikajaza changarawe yenye dhahabu, kisha majivu na matope ya volkeno yakaifunika, ardhi ikainuka, mito mipya ikakata mabonde mengine kabisa, na ile ya zamani ikabaki imening'inia juu kama rafu. Mwaka 1911 mwanajiolojia Waldemar Lindgren alitoa kazi yake kuhusu changarawe hizo pamoja na ramani inayofuatisha njia za mito hiyo, na mpaka leo watu wanaitumia. Sasa angalia pale ambapo mto wa leo umeukata mto wa kale, chini ya makutano hayo mto wa leo umekuwa unakula changarawe tajiri kwa muda mrefu sana. Mimi sehemu zangu mbili nzuri zote ziko chini ya makutano ya namna hiyo.

Lakini huko huko ndiko walikotumia mabomba makubwa ya maji kubomoa vilima, kama pale Malakoff Diggins, matope yakashuka yakafunika mashamba bondeni mpaka Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga kifusi mtoni mwaka 1884, na walikuwa wanatumia zebaki kukamata dhahabu, mamilioni ya ratili yalipotelea majini. Ipo hadi leo. Ukiona kwenye karai tone la fedha linalotembea, au punje ya dhahabu imepauka nyeupe, usishike kwa mkono wala usirudishe mtoni, iweke kwenye chupa yenye maji na kifuniko na uulize serikali ya kaunti inapokelewa wapi. Sisi tuliotoka sehemu za mialo, kule dhahabu inakooshwa kwa zebaki, tunajua zebaki inafanya nini kwa watu, sihitaji kueleza.

Haya, umeshapata mto. Mto una kilomita nyingi, unaosha wapi? Hapa ndipo kontua zinapofanya kazi, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, na wengi wetu tulizikariri shuleni kwa ajili ya mtihani tukazisahau. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, mchanga wa kawaida mara 2.65, ule mchanga mweusi wa chuma kama mara 5. Maji yakikimbia yanabeba vyote, yakipunguza mwendo yanaangusha kizito kwanza. Kwa hiyo unatafuta pale mto unapopunguza mwendo, na kontua zinakuonyesha bila kutoka nyumbani. Chukua rula. Kwenye skeli ya 1:24,000 sentimita moja ni mita 240, na ramani nyingi za milimani kontua moja hadi nyingine ni futi 40, yaani mita 12 na kidogo. Tuseme kontua mbili zinaukata mto zikiwa na sentimita moja kati yake, mto unashuka mita 12 ndani ya mita 240, hiyo ni asilimia 5, maji yanaruka kwenye mawe, hakikai kitu isipokuwa ndani ya nyufa. Kontua inayofuata iko sentimita 6 mbele, mita 12 zile zile sasa zimetandazwa kwenye mita 1,440, haifiki hata asilimia 1. Hapo kwenye mabadiliko, mita mia mbili tatu za mwanzo baada ya mteremko kuisha, ndipo mto ulipochoka na kutua mzigo. Ukikuta na kona hapo hapo, upande wa ndani wa kona, weka alama. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza kwa rula ya mwanangu ya shule nikaenda nikakuta kweli ukingo mrefu wa changarawe umekaa pale pale, nilifurahi kama vile nimeshapata dhahabu, na siku hiyo nilipata vipunje saba tu.

Picha za setelaiti zinasaidia kukagua, hasa zile za miaka tofauti za eneo moja, unaona ukingo wa changarawe ulivyohama baada ya mafuriko kama yale ya mwaka mpya wa 1997, na mawe yaliyopangwa safu kwa mkono na wachimbaji wa zamani yanaonekana vizuri mahali pasipo na miti. Kwenye miti mingi nenda kwenye ramani za laida. Hiyo ni ndege inarusha mionzi ya leza mamilioni kwa mamilioni, mingine inapenya majani hadi chini, kisha kompyuta inaondoa miti yote na kukuachia ardhi tupu yenye vivuli. USGS wanazitoa bure pia. Tafuta mstari mwembamba unaozunguka kilima karibu sawa kabisa, kama kontua iliyochimbwa kweli, unateremka kidogo mno, huo ni mfereji wa maji wa wachimbaji. Hakuna mtu aliyechimba kilomita 10 za mfereji kwa sururu kwa ajili ya sehemu isiyolipa, kwa hiyo ufuate hadi unapoishia, pale maji yalipokuwa yanatumika.

Sasa ruhusa. Nimeichelewesha kwa sababu maelezo yake ni marefu, lakini ukikaa mezani anza nayo, maana unaweza kutumia jioni nne kupenda mahali ambapo huruhusiwi hata kuinua jiwe. Hifadhi za taifa kama Yosemite sahau. Hifadhi za jimbo nyingi zimefunga, chache zimefungua, pale pale Coloma ilipoanzia yote unaruhusiwa kwenye eneo lililotengwa, kwa mikono na karai tu, na Auburn State Recreation Area vivyo hivyo, na kwa anayeanza ningesema anza huko, usiumize kichwa. Mashine za kunyonya mchanga chini ya maji zimepigwa marufuku California tangu 2009, popote pale.

Ardhi ya umma nyingine iko chini ya BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma, au idara ya misitu, hiyo ndiyo yenye nafasi, ila ina kitu kinaitwa kleimu. Kwa sheria ya mwaka 1872 mtu anaweza kuweka mipaka kwenye ardhi ya umma akasajili, akawa na haki ya madini ya hapo, ekari 20 kwa mtu mmoja kwa dhahabu ya mtoni, na wakijiunga wanane hadi ekari 160. Unaweza kupita, unaweza kupumzika, dhahabu si yako. BLM wana ramani ya mtandaoni inayoonyesha kleimu zilizo hai, na watu wanaiangalia wanaona pamejaa rangi wanakata tamaa, au wanaona peupe wanashangilia, na wote wanaweza kuwa wamekosea. Ramani hiyo inapaka rangi robo nzima ya seksheni. Marekani imegawa ardhi yake kwa viboksi, boksi kubwa la maili 6 kwa 6 lina seksheni 36, kila seksheni maili moja kwa moja, ekari 640, kwa hiyo robo yake ni ekari 160, na kleimu yenyewe inaweza kuwa ekari 20 zilizojibana kona moja. Zile 140 zilizobaki huenda ziko wazi. Na peupe napo, mwenye kleimu ana siku 90 za kupeleka karatasi BLM, kwa hiyo aliyeweka nguzo zake mwezi uliopita anaweza asiwe kwenye ramani kabisa na bado akawa na haki. Dawa ni kwenda ofisi ya kumbukumbu ya kaunti ukaomba tangazo la kleimu, lina mchoro au maelezo ya mipaka, kisha ukifika ukatafute nguzo kwa macho. Ada ya mwaka inatakiwa ilipwe kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo kuanzia vuli kuna vipande vinaachwa wazi, ramani ya Agosti usiiamini Oktoba.

Mimi haya sikuyasoma, yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kila kitu sawa, nikapata mipaka, nikaona mita 60 za mto zilizo wazi kabisa kando ya kleimu ya mtu, nikasoma namba za pembeni ya ramani ya zamani nikaingiza kwenye GPS. Nikawa naosha tangu asubuhi, saa sita akaja mzee mmoja na mbwa wake, akaniuliza kwa upole tu kama najua niko ndani ya kleimu yake. Nikamwonyesha simu. Akanyamaza, akatoa GPS yake, akaniambia kijana, ramani yako ni ya 1927. Kumbe ramani zile za zamani zimechorwa kwa kipimo cha dunia cha mwaka 1927, na simu zetu zinatumia kipimo kipya, na kwa California tofauti yake ni karibu mita 100. Namba ni zile zile, mahali ni pengine. Nilimwaga kila kilichokuwa kwenye chupa yangu kwenye kiganja chake, hakutaka, nikasisitiza, maana ni mali yake na baba yangu amewahi kuingiliwa duara lake kwa staili hiyo hiyo, naijua inavyouma. Tangu siku hiyo jambo la kwanza kwenye ramani yoyote ni kusoma maandishi madogo kule chini kona ya kushoto, yameandika kipimo gani, halafu nabadilisha kwenye GPS kabla ya kuingiza namba hata moja.

Kabla ya kuondoka nyumbani nashusha ramani zote kwenye simu maana makorongo hayana mtandao, na moja naitoa kwenye karatasi. Kisha napandisha jicho juu ya mto, kuelekea kule maji yanakotoka, mbali kupita sehemu ninayoenda, natafuta bwawa. Pale Coloma kwa mfano juu yake kuna bwawa la Chili Bar, wanafungulia maji kwa ratiba, na maji hayo yanachukua muda kufika chini. Asubuhi umesimama kwenye changarawe kavu, jua kali, hakuna wingu, mchana unakuta ndoo yako inaelea. Ratiba ya maji iko mtandaoni, na vipimo vya mto vya USGS vinaonyesha kina cha saa hiyo hiyo. Naandika saa ya maji kupanda kwa penseli pembeni ya duara langu kwenye karatasi, na nikiwa na watoto naweka alamu ya simu saa nzima kabla yake.